Uso wa msanii au kanga?

Mwanafunzi wa Dar anayeandaa video na jalada la albamu ana njia mbili. Ya kwanza ni ile ya Bongo Fleva tuliyoizoea: gari la kukodi, Coco Beach, wacheza shoo nyuma, na jaladani uso wa msanii umejaa, jina kwa herufi za dhahabu. Watu huicheka, lakini kwenye simu jalada huonekana dogo kama stempu, na uso hutambulika upesi.

Ya pili inakwepa mazoea: singeli, muziki uliokulia Manzese na Tandale, mapigo yake yanaweza kupita 200 kwa dakika, na video ikirekodiwa uchochoroni kwa simu tu. (Asikate picha kila pigo, macho ya watazamaji yatachoka.) Jaladani hakuna uso, kuna kanga, pindo limezunguka pande zote nne, na jina la albamu limekaa pale yanapokaa maandishi ya kanga. Hii ndiyo naipenda zaidi, maana kanga nayo ina kanuni zake, pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maandishi yake), na ni kongwe kuliko Bongo Fleva yenyewe. Ila maandishi hayasomeki kwenye simu. Ayakuze, au apunguze maua ya mji.