Geji ya umeme au faiba kwenye chombo cha roboti ya upasuaji?

Wanafunzi wa uhandisi wa vifaa tiba hapa Nairobi wakitaka roboti ihisi inavyobonyeza nyama ya mgonjwa, hukutana na njia hizi mbili.

Geji, yaani kihisi kidogo kinachopima chuma kinavyovutika, ni bei nafuu. Unaibandika kwenye chuma. Chuma kikipinda, ukinzani wa umeme unabadilika. Lakini kila geji inadai nyaya zake, na kisu cha umeme cha daktari kikiwashwa huweza kuvuruga vipimo.

Faiba ni kioo kilekile kinacholeta intaneti mitaani kwetu, kipenyo milimita 0.125. Ndani yake huchorwa greti za Bragg, yaani mistari midogo sana, kila greti ikiakisi mwanga wa urefu wake wa wimbi, mara nyingi karibu nanomita 1550. Faiba ikivutwa, wimbi husogea, na umeme wa kisu hauligusi. Greti kadhaa hukaa kwenye uzi mmoja. Nyuzi tatu zikipangwa kuuzunguka mrija wa chombo, unajua mrija umepinda vipi tumboni. Ubaya wake ni joto: digrii moja tu husogeza wimbi takribani pikomita 10, hivyo lazima lisahihishwe. Kisomaji chake, mashine inayosoma mwanga huo, nacho ni ghali mno.

Kwa mazoezi ya maabara, chukua geji. Kwa chombo cha kuingia mwilini, mimi nasimama na faiba.