Bakuli la filta ya oili kwa lori la zamani: lipi ununue Tanga, na ulifufue vipi

Kwa mwenye Bedford TJ au lori jingine la umri huo, filta ya oili si kopo la kufungua, kutupa na kufunga jingine. Ni elementi, yaani kichujio chenyewe, inayokaa ndani ya bakuli la chuma, na bakuli linabanwa kwenye kichwa chake, kile kipande kinachofungwa kwenye bloku ya injini, kwa bolti ndefu inayopita katikati. Ndani kuna springi, kibati cha kukalia elementi, na washa za kuziba. Siku likianza kuvuja, wengi huuliza kwanza lipya linauzwa wapi. Naona hilo ni swali la mwisho.

Bora kuliko yote ni bakuli lenyewe lililokuja na injini yako, ukilifufua. Kina chake kinalingana na elementi, bolti yake inaingia bila kulazimishwa, na historia yake unaijua. Uvujaji mwingi hautoki kwenye chuma hata kidogo. Unatoka kwenye sili iliyozama ndani ya mfereji wa kichwa. Mpira wa zamani ukikauka hugeuka mweusi na mgumu, unafanana na chuma, na fundi mwenye haraka anaweka mpya juu yake. Mbili haziwezi kukaa kwenye mfereji mmoja, na presha ikipanda oili inatoka pembeni. Kabla hujatoa hata shilingi, chokoa mfereji huo wote kwa kijiti kigumu au kipande cha shaba. Bisibisi acha, itachora njia ya oili kupitia.

Kama lako limepasuka kweli, la pili kwa ubora ni la asili lililotoka kwenye injini ya aina hiyohiyo. Ukizunguka gereji za Ngamiani na kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ulizia seti nzima: kichwa, bakuli, bolti, springi na kibati. Ukiuziwa bakuli tupu, utatafuta vingine mwezi mzima. Ukiweza kuchagua, chukua la lori lililoishi Korogwe au Lushoto kuliko lililolala miaka karibu na bandari. Hewa ya chumvi hutoboa vishimo kwenye alumini ya kichwa, tena huigandisha bolti ya chuma ndani yake, na bolti iliyoganda ikilazimishwa hung'oka na uzi wote.

Muuzaji akikupa ulishike, anza na uso wa kichwa, pale linapokaa bakuli na pale kinapofungwa kwenye bloku. Bakuli lililobonyea hunyooshwa, uzi ulioliwa hutengenezwa kwa fundi wa kerezo, lakini kichwa kilichopinda sana au chenye ufa usikinunue hata kwa bei ya soda. Ufa usiouona kwa macho unatafutwa hivi: kikaushe vizuri, paka chaki nje, paka mafuta ya taa ndani, kisha subiri. Penye ufa, chaki italoa mstari. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia kipimo hicho.

Kisha tafuta valvu ya kupitisha oili filta inapoziba. Kwenye injini nyingi iko ndani ya kichwa, gololi au kisahani chenye springi. Isukume kwa kijiti: iingie na irudi yenyewe. Ikiganda wazi, oili inazunguka bila kuchujwa. Ikiganda imefungwa, siku elementi ikiziba beringi za krenki zinakosa oili. Yote mawili hayaonekani kwa nje, ndiyo maana nasisitiza. Vilevile springi ya chini ya elementi: ikikosekana, elementi haibanwi, oili inapita pembeni yake, na hakuna tone linalodondoka chini kukuonya.

Nafasi ya tatu naipa adapta ya kufungia filta ya kopo. Kwa lori la kazi, linalobeba mawe Pongwe au machungwa kutoka Muheza kila siku, urahisi wake una thamani: filta inabadilishwa upesi na oili haimwagiki ovyo. Ila angalia uzi. Kuna uzi wa robo tatu ya inchi wenye nyuzi 16 kwa inchi, na kuna wa milimita 20 wenye hatua ya 1.5, yaani milimita 1.5 kutoka ncha ya uzi hadi inayofuata. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, kwa hiyo kopo la milimita 20 linaweza kuonekana limeshika kwenye adapta ya inchi, kumbe limeshika ncha tu za uzi. Litang'oka injini ikiwa na presha. Hakikisha pia kwamba valvu ya kupitisha ipo, ama kwenye adapta ama kwenye kopo.

Tahadhari nyingine: si kila injini ya zamani inachuja oili yote. Baadhi hupeleka sehemu ndogo tu kwenye filta kupitia bomba jembamba lenye tundu dogo la kupunguza, na iliyobaki inaenda moja kwa moja kwenye beringi. Ukiona bakuli limefungwa mbali na bloku kwa mabomba membamba, mara nyingi ndiyo hiyo. Usilitoe tundu hilo wala usifunge mfumo wa injini nyingine hapo, presha itaporomoka.

Kopi mpya ninaiweka ya nne. Inang'aa, lakini pima kina chake na la zamani kabla ya kulipa. Tofauti ndogo ya kina inatosha elementi isibanwe. Na la kuchomelea kutoka kwenye bomba, hapana. Punje za uchomeleaji zikibaki ndani zinaenda kwenye krenki.

Sasa kulifufua. Osha kwa dizeli au mafuta ya taa na brashi. Magadi makali ya kuondolea rangi yanafaa kwa bakuli la chuma peke yake, alumini yanaila. Kupiga mchanga kwa presha usikubali kabisa, kwa sababu chembe hujificha kwenye njia za oili na hutazitoa. Uso wa kichwa unanyooshwa kwa kulaza msasa laini juu ya kioo kinene na kukisugua taratibu kwa mzunguko, ukiulowesha kwa dizeli, kisha unaosha tena hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe. Rangi ni nje tu.

Washa ya shaba iliyokakamaa haihitaji kutupwa: ichome hadi iwe nyekundu, itumbukize majini, inalainika na kuziba tena. Sili nunua ya mpira unaostahimili oili. Ile inayokatwa kwenye tyubu ya gurudumu huvimba na kulegea, na silikoni iliyopakwa nyingi hukatika vipande vikaziba njia. Paka sili oili safi, kaza bolti hadi bakuli lishike bila kubonyea pale chini.

Kwenye kuwasha, zungusha injini kwa stata huku mafuta yamekatwa, kwa vipindi vifupi, hadi geji ya oili ipande. Ndipo uwashe, uiache ipate moto huku ukipitisha kidole kuzunguka ukingo wa bakuli. Zima, iache ipoe, ongeza oili hadi alama ya kijiti, kisha angalia ukingo huo tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo.