Modeli ya shina la ubongo: neva ya saba wameinyoosha!

Nisiwafiche, nina hasira. Hii modeli, ile kubwa inayofunguka katikati na kuonyesha viini vya neva za kichwa (vikundi vya seli zinakoanzia) kwa rangi, nimeinunua kwa pesa yangu mwenyewe ili niwafundishie wanafunzi wa utabibu. Bei yake si ya kitoto. Halafu neva ya saba wameinyoosha!

Kiini cha neva ya saba, kile kinachochezesha misuli ya uso, kimo ndani ya ponsi, sehemu ya katikati ya shina la ubongo. Nyuzi zake hazitoki moja kwa moja. Zinaelekea nyuma kwanza, zinakizunguka kiini cha neva ya sita, ile ya kugeuza jicho upande wa nje, ndipo zinageuka kutoka nje. Mzunguko huo ndio unaotokeza kile kinundu kwenye sakafu ya ventrikali ya nne, ule uwazi wenye maji nyuma ya ponsi. Kwenye modeli hii kinundu kipo, tena kimechongwa vizuri, ila ndani yake kuna kiini cha sita peke yake. Neva ya saba imepita mbali, imenyooka kama fimbo.

Hili si la mtihani tu. Anakuja mgonjwa, uso umepooza kulia, mdomo umevutwa kushoto, jicho la kulia halifumbi. Wengi watasema ni Bell, yaani kupooza kwa neva ya saba yenyewe nje ya ubongo, wampe prednisoloni aende nyumbani. Hebu mwambie aangalie kulia. Macho yote mawili yakigoma kwenda huko, basi tatizo haliko kwenye neva huko karibu na sikio, liko ndani ya ponsi, pale pale kwenye mzunguko. Maana kiini cha sita hakiendeshi jicho moja: kina seli zinazovuka na kupanda hadi kiini cha neva ya tatu upande wa pili, ili jicho la pili lifuate. Mwanafunzi aliyeonyeshwa neva iliyonyooka atayaunganishaje hayo?

Nilimpigia muuzaji. "Dada yangu, hiyo ni plastiki tu. Madaktari wakubwa wameichukua, hakuna aliyelalamika." Nikamtumia picha, nimezungushia duara sehemu yenyewe. Akanijibu nisome karatasi ya maelekezo! Mimi, ninayefundisha anatomia!

Haya, haki yake nimpe. Ubongo wa kati, sehemu ya juu ya shina, wameupatia hasa. Neva ya nne inavuka upande wa pili na kutokea nyuma ya shina, chini kidogo ya kolikulasi za chini, vile vinundu viwili vya nyuma ya ubongo wa kati, neva pekee ya kichwa inayotokea nyuma, na hapo ndipo modeli nyingi huboronga. Kwenye medula, sehemu ya chini ya shina, nako nyukliasi ambigyuasi, kiini cha misuli ya koo na sauti, imekaa mahali pake. Nimeitumia kueleza kwa nini kiharusi cha ubavuni mwa medula humfanya mtu apaliwe na sauti imkwaruze, na darasa zima likaelewa. Siku ile nilikuwa tayari kutoa nyota nne.

Sasa juzijuzi mwanafunzi wangu mmoja, tena mwenye bidii, kachora neva ya saba imenyooka. Nikamuuliza umeitoa wapi hii. "Mwalimu, si ndivyo ilivyo kwenye modeli?"

Nyota nne nimezifuta. Moja. Haya, mbili, kwa ajili ya ile neva ya nne. Anayefundisha ubongo wa kati na medula anunue, hatajuta. Ponsi nimeibandika uzi mwekundu kwa gundi, nimeuzungusha kiini cha sita kama inavyotakiwa, na bado namdai muuzaji sehemu ya pesa yangu.