Mafuta ya mwarobaini kwa vidukari: yanafanya kazi, ila hayamfai mwenye haraka

Nayatumia dhidi ya vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa majani, kwenye sukuma wiki na chainizi bondeni upande wa Mingoyo, Lindi. Nunua yaliyokamuliwa bila moto, ya kahawia na yenye harufu kali. Yale maangavu yasiyonuka yameshachujwa, na azadiraktini, kiini chenyewe cha dawa, huwa imebaki kidogo sana.

Kwa bomba la mgongoni la lita 16 naweka mafuta mililita 80 na sabuni ya maji vijiko viwili vya chakula. Koroga vyote kwanza kwenye maji ya uvuguvugu mpaka yawe meupe, ndipo umimine kwenye bomba. Ukimwaga mafuta peke yake yataelea: matuta ya kwanza yanapata maji matupu, ya mwisho yanaungua majani. Maji ya kisima chenye chumvi hukata sabuni, heri ya mvua. Changanya ya kumaliza jioni hiyohiyo.

Sabuni usiiache. Vidukari wa kijivu wana unga wa nta mwilini, maji matupu huteleza tu.

Piga kuanzia saa kumi na moja jioni, kwa kuwa jua huvunja kiini haraka. Elekeza nozeli juu, dawa iguse chini ya majani na kwenye moyo wa mche. Kulowesha juu ya jani ni kupoteza mafuta. Majani yaliyokwisha kujikunja yachume uyafukie, ndani humo dawa haifiki.

Siku ya tatu bado utawaona, usikimbilie kusema ni feki. Dawa hii huwazuia kula na kujivua gamba, haiangushi papo hapo. Rudia baada ya siku saba. Shamba likishafunikwa kabisa, haitoshi. Na ukiendelea kumwaga urea nyingi, majani laini yatawaita tena. Sisimizi nao wazuie, maana huwalinda vidukari kwa ajili ya utamu wao.

Jambo ambalo muuzaji hakuniambia, na kwetu huku ni kubwa: salfa, dawa ya ukungu inayopigwa kwenye mikorosho. Bustani iliyo chini ya mikorosho ikipata vumbi la salfa, usipige mafuta mpaka wiki mbili zipite, vinginevyo majani yanababuka. Bomba lililobeba salfa ya maji nalo lioshe kwa sabuni mara mbili, pamoja na mpira na chujio.

Nyota nne kati ya tano. Moja naikata kwa harufu: mboga ya kesho sokoni usiipulizie leo.