Uzoefu wangu: kuwinda elki jike Colorado kwa ajili ya nyama, kwa gharama ya mtu wa kawaida

Kama unaishi Colorado na unachotaka ni nyama, si pembe za kutundika ukutani, usilipie safari ya kuongozwa. Lipia ruhusa ya kuingia kwenye ranchi ya mtu, uwinde elki jike mwishoni mwa msimu. Ndivyo nilivyofanya karibu na Craig, kaskazini-magharibi mwa jimbo, na kwa familia inayokula nyama ya halali sijaona njia nyingine inayoikaribia.

Kwa asiyemjua, elki ni wa jamii ya kulungu, ila umbo lake ni jingine kabisa. Jike mzima hufikia kilo 225 hivi, karibu sawa na ng'ombe wetu wa kienyeji, na ukishamtoa mifupa unabaki na nyama kama kilo 70. Colorado ina elki wengi kuliko jimbo lolote la Marekani. Baridi ikizidi wanashuka kutoka milimani kwa makundi, wanavamia majani makavu ambayo wenye ranchi wamewawekea ng'ombe wao. Kwa hiyo idara ya wanyamapori ya jimbo, Colorado Parks and Wildlife, hutoa leseni za majike zinazotumika kwenye ardhi ya watu binafsi tu, na baadhi zinaendelea hadi Desemba na Januari. Wenye fedha wanagombea dume la Oktoba. Jike wa Desemba hana foleni ndefu.

Leseni kwa mkazi haifiki dola 100. Kwa anayetoka jimbo jingine ni mamia ya dola, na hapo hesabu yote inabadilika, kwa hiyo subiri utimize miezi sita ya ukazi mfululizo kwanza. Maombi ya droo, yaani kura ya kugawa leseni, hufungwa mapema Aprili. Ukikosa, fuatilia leseni zilizobaki kuanzia Agosti, maana za majike kwenye ardhi binafsi mara nyingi zimo humo. Aliyezaliwa mwaka 1949 au baadaye lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Ndugu zangu mlio hapa kwa viza ya masomo au ya kazi, sheria ya Marekani inawawekea kizuizi cha bunduki, kwa hiyo muulizeni mwanasheria kabla hamjaigusa. Mwenye green card, yaani ukazi wa kudumu, hana kizuizi hicho.

Sasa huduma yenyewe. Nilimlipa mwenye ranchi dola 500. Kwa fedha hiyo nilipata ruhusa ya kuwinda, maelekezo ya mahali kundi linapolala na linapokula, na ahadi kwamba mnyama akianguka, mzee atakuja na trekta kumvuta hadi barabarani. Hakuna kitanda, hakuna chakula, hakuna mtu wa kukushika mkono. Ahadi ya trekta ndiyo iliyonifanya nilipe. Kwenye msitu wa serikali hulipii kuingia, lakini mnyama huyo utambeba mwenyewe mgongoni, paja moja moja, kwenye theluji, kwa hewa nyepesi ya mita 2,000 na zaidi. Ukiwa peke yako unaweza kumaliza siku nzima kwenye kazi hiyo.

Kabla ya kutoka nyumbani nilipakua ramani ya eneo kwenye programu ya onX Hunt. Inaonyesha mpaka wa kila shamba na jina la mwenye ardhi, na inafanya kazi hata pasipo mtandao. Huko hakuna mtandao, na elki haangalii uzio. Programu hiyo naisifu bila kusita.

Nilimpata jike asubuhi, pembezoni mwa kundi. Ukiwa na kundi mbele yako, shida kubwa ni kumsubiri mmoja asimame peke yake, asiwe na mwenzake nyuma yake, kwa sababu risasi ya bunduki yangu, saizi ya .308, inaweza kumpita huyu ikampata na yule. Nilisema Bismillah, Allahu Akbar, nikafyatua nyuma ya bega. Alipiga hatua chache akalala. Shekhe wetu alituelekeza hivi: ukimkuta bado ana uhai, mchinje, ukimkuta amekwisha kufa kwa risasi iliyotajiwa jina la Mungu, ni halali. Nilimkuta amekufa. Mzee alifika na trekta kama alivyoahidi, akakaa kando kwa heshima nilipokuwa namtoa matumbo, na kwa hilo namwombea kheri.

Usisahau kuacha kiwele kimeshikana na nyama mpaka ufike nyumbani. Sheria inataka ushahidi wa jinsia, na askari wa wanyamapori husimamisha magari.

Tatizo nililolipata ni bucha. Niliyempigia kwanza aliniambia wazi kwamba nyama ya kusaga anachanganya na mafuta ya nguruwe, na kwamba nyama za wawindaji kadhaa husagwa pamoja. Kwao ni jambo la kawaida, kwa kuwa elki hana mafuta ya maana. Muulize mapema mashine yake inapitisha nini, na kama utapata mnyama wako mwenyewe. Sisi tuliamua kukata nyumbani: meza ya jikoni, visu viwili vya kutolea mifupa, mashine ndogo ya kusagia, na mafuta ya ng'ombe kutoka duka la halali. Baridi ya nje ilitunza mapaja kuliko friji yoyote.

Kichwa nilikipeleka kupimwa ugonjwa wa CWD, ule unaoharibu ubongo wa jamii ya kulungu, ambao ulitambuliwa kwanza hapa hapa Colorado, Fort Collins, mwaka 1967. Haijathibitika kwamba umewahi kumpata binadamu, lakini ushauri wa kiafya ni kutokula mnyama aliyekutwa nao. Funga nyama, andika tarehe, igandishe, ngoja majibu. Yangu yalikuja safi.

Ukijumlisha leseni, ranchi, mafuta ya gari na kipimo, kilo imenigharimu kama dola 10, bila kuhesabu bunduki niliyokuwa nayo. Nyama ya ng'ombe ya halali mjini kwetu inazidi hapo kwa mbali. Sarara tunaichoma haraka kwa chumvi na ndimu, maana ikikolea moto inakauka. Mapaja yanakubali pilau vizuri mno, na ya kusaga inatosha sambusa za Ramadhani nzima. Mabega yana mishipa mingi. Yachemshe taratibu kwa tangawizi hadi yalegee, kisha ndipo uyatie kwenye mchuzi.