Bushi za poli kwa Land Cruiser 75: ngumu, imara, na zinataka grisi

Bushi ni mikono midogo inayokaa kati ya pini (boliti inayoshikilia springi) na jicho, yaani tundu la kwenye ncha ya springi. Seti kamili ya bushi za poliurethani (plastiki ngumu), ambazo mafundi huziita poli tu, ina nusu 24. Hesabu yake ni rahisi: kila springi ina jicho mbele na jicho nyuma, la tatu liko kwenye chesisi, pale inapofungwa shakeli (kiungo kinachobembea na kuunganisha springi na chesisi), na kila jicho hula nusu mbili. Springi ni nne. Ukifungua mfuko ukazikuta 22, rudisha dukani kabla hujagusa jeki. Na usikubali kuuziwa seti ya Land Cruiser 79 kwa maneno ya "zinaingiliana", maana 79 mbele ina springi za koili.

Kwa pikapu ya huku pwani ya Kilifi inayobeba mawe ya Magarini au magunia ya chumvi ya Gongoni, seti hii inafaa. Poli haifinyangwi upesi na mzigo, wala hailainiki haraka kama raba ikidondokewa na dizeli au oili ya difu. Ila haijipindi kama raba. Kwenye murram ya kwenda Marafa kila kokoto utaisikia kitini, na gari la kupandisha familia tu lingekaa vizuri zaidi na raba ya Toyota.

Udhaifu wake mkubwa ni mchanga. Raba hujinyonganyonga pale pale ilipobanwa, lakini poli huzunguka juu ya pini. Mchanga wa Mambrui ukiingia hapo pakavu, bushi inageuka msasa: kwanza mlio kama kitanda kibovu, kisha pini inaliwa. Vipakiti vya grisi vinavyokuja na seti mara nyingi ni vidogo mno. Nunua grisi ya silikoni ya ziada, na ukiweza chukua pini zenye nipo (kichwa cha kupigia grisi), ili uongeze grisi bila kufungua kitu.

Hizo pini ndizo watu wanazozibania pesa. Pima unene wa pini kwa venia (kipimo cha kubana) mahali ambapo bushi haikugusa, halafu pima katikati. Ukiona tofauti, au kucha ikikwama kwenye ukingo, pini hiyo imekwisha. Bushi mpya juu ya pini yenye mfereji italegea mapema, na lawama atabebeshwa muuza bushi.

Kuzifunga nyumbani kunawezekana, springi moja moja. Mwagia nati mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla, maana hewa ya chumvi huku hushikanisha nati na pini kama zimechomelewa. Gari likae juu ya saruji. Kama uwanja wako ni mchanga, tandika mbao nene chini ya jeki na stendi. Zuia magurudumu, weka stendi chini ya chesisi, halafu jeki ya pili ishike ekseli. Fungua shoki upande wa chini ili ekseli ishuke, lakini usiiache ikaning'inia kwenye paipu ya breki. Yubolti, zile boliti za umbo la U zinazobana springi na ekseli, usiziguse, kazi hii haizihitaji.

Pini ikigoma, rudishia nati mpaka ilingane na ncha ndipo upige nyundo, la sivyo utaharibu nyuzi. Wengine huchoma raba ya zamani kwa gesi. Inatoka, ndiyo, pamoja na moshi mbaya na hatari ya moto karibu na tangi. Afadhali kuitoboa kwa drili na kuivuta vipande.

Kisha kuna hatua inayorukwa sana: kusugua jicho ndani kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae. Gamba la kutu hupunguza tundu, bushi haikai mpaka mwisho, na sahani ya shakeli haifiki kwenye nyuzi. Ukishasafisha, paka grisi ndani ya jicho, ndani ya bushi na usoni panapogusana na sahani, kisha sukuma kila nusu kwa mkono. Kama bado sahani haifiki, linganisha unene wa kingo za bushi na zile za zamani. Zipo seti zilizotengenezwa nene mno, na kubana kwa nguvu hapo kunaifanya shakeli iwe nzito kubembea. Usizikate kwa kisu, badilisha seti.

Kaza nati kwa kiasi tu gari likiwa juu. Lishushe, litikise mara kadhaa likae kwenye urefu wake, ndipo ukaze kwa kipimo cha kitabu cha gari. Baada ya kilomita 500 zikague tena. Ukisikia "ko!" wakati wa kuondoka au kushika breki, ingiza mtaimbo kati ya jicho na hanga (kishikio cha springi kwenye chesisi), uinue kidogo: jicho likicheza, anza na pini ile uliyosema itavumilia.