Ziara ya viungo Kizimbani: mwenyeji nimekwenda kama mtalii, shangazi kaichukua kazi ya mtembezaji

Nimezaliwa Mikunguni, nimesoma hapa hapa mjini Unguja na mpaka juzi nilikuwa sijawahi kwenda ziara ya viungo hata siku moja. Usinicheke, na weye hujaenda. Sie ziara ya viungo tunaijua kwa kuziona zile gari zinapita njia ya Bububu asubuhi zimejaa wageni waliojipaka krimu ya jua, nyuso nyeupe utasema wamepakwa liwa, tunasema haya nendeni mkaoneshwe mchaichai, wetu uko nyuma ya jiko.

Kilichonipeleka ni wageni wangu mwenyewe. Mtoto wa ami yangu kaja kutoka Muscat na mumewe, yeye kazaliwa kule kule Omani lakini Kiswahili anacho cha bibi yake, maneno mengine sie huku tushayaacha yeye bado anayo mdomoni. Wifi yangu Mngazija wa Moroni, kaolewa kwetu mwaka wa tatu huu. Na shangazi alikuwa kaja kutoka Pemba kutibiwa jicho, akasema mie sikai ndani peke yangu kama paka, nami nakwenda. Basi ndani ya Noah moja tukawa bahari nzima, na kila mmoja ana la kusema.

Jina la shamba sitoliandika, mana yapo niliyoyapenda na yapo yaliyonikera, ila liko upande wa Kizimbani na mashamba ya kule yamefuatana na utaratibu wao karibu mmoja. Kwanza tulimuuliza papasi mmoja Forodhani, wale wanaowatafutia wageni ziara, akatutajia dola 25 kwa kichwa na Kiingereza juu, mpaka shangazi alipomwambia "mwanangu shikamoo huijui?" ndo akajua hawa wenyewe. Tukaachana nae, tukapiga simu shambani moja kwa moja. Wenyeji elfu kumi na tano na chakula ndani yake, wenye pasi ya nje dola 15. Mtoto wa ami alinuna njia nzima, bibi yangu kazaliwa Malindi leo mie naandikwa mgeni! Nikamwambia lipa tu bibie, na kule kwenu Mutrah mie nikija nalipa kila kitu mara mbili na hakuna anaenionea huruma.

Mtembezaji wetu kijana mdogo, mchangamfu, lugha anazo tano sita hivi, na kwa hilo nampa heshima yake. Tatizo kazoea wageni. Akakata jani, akalifikicha, akatupa tunuse, "hii harufu ya nini?" Shangazi akamwambia mwanangu huo mchaichai, ruka. Tukenda mbele, manjano, ruka. Tangawizi, ruka. Kijana jasho likaanza kumtoka, mana ziara yake yote imejengwa juu ya mtu asiyejua, na hapa kaletewa Mpemba.

Ila jamani nisijifanye najua, mana yapo yaliyonikamata. Hiliki! Miaka yote natia hiliki kwenye chai na maandazi nikadhani inaning'inia juu kama embe, kumbe inazaa chini kabisa, kwenye vishina vinavyotambaa juu ya udongo, mpaka uiname. Pilipili manga nayo ni mtambaazi umepanda juu ya mti wa watu, nyeusi na nyeupe ni punje hiyo hiyo, ile nyeusi imekaushwa na ganda lake na nyeupe imemenywa. Na mdalasini, kijana alichimba kidogo akatoa mzizi, ukiunusa ni kafuri tupu, ile dawa ya kupaka kifuani ukiwa na mafua. Jani harufu yake, gome harufu yake, mzizi harufu yake, mti mmoja.

Kwenye kungumanga kulikuwa na mambo. Akalipasua tunda, ndani kokwa imezungushiwa basibasi nyekundu yenye kung'ara, kitu kizuri mno. Halafu akaanza ile hadithi ambayo nasikia huwapa wageni wote, kwamba wanawake wa Kizanzibari hutia kungumanga kwenye uji ili... akamuona shangazi, akameza mate. Shangazi akamwambia, "Sema mwanangu, mbona umenyamaza, wale watoto sita nimewaokota?" Mume wa mtoto wa ami ikabidi ageuke atazame mnazi.

Tukafika kwenye vanila. Kijana akasema vanila haizai mpaka isaidiwe kwa mkono, akataka kupita, wifi akamzuia. Kwao Ngazija vanila ni kazi anayoijua, akachukua kijiti kidogo akatuonesha, unakiinua kile kijingozi ndani ya ua, unaigusisha sehemu ya kiume na ya kike kwa kidole gumba, basi. Ua linafunguka siku moja tu, ukichelewa limekwenda. Anasema wanaofanya kazi hiyo wanaitwa kwa Kifaransa waozeshaji, yani kila ua unalifungia ndoa yake peke yake, halafu usubiri kama miezi tisa tunda liwive. Nikaona sasa kwanini kile kijichupa cha vanila ya kweli bei yake vile. Niliporudi nyumbani nikasoma, vanila asili yake Mexico, ilipoletwa visiwa vya huku ikawa inachanua bila kuzaa, mpaka mwaka 1841 kisiwa cha Réunion mtoto wa kitumwa wa miaka 12, Edmond Albius, akaibua njia hiyo ya kijiti na kidole, na mpaka leo Madagaska yote inazalisha vanila kwa mtindo ule ule. Kijana wetu hakuyasema haya. Aliruka akaenda kwenye mzingifuri akawapaka watu rangi mdomoni.

Hapo ndo shida yangu kubwa na ziara hizi. Shamba lile ukilitazama ni bahari yetu yote imepandwa pahala pamoja. Mdalasini wa Sri Lanka, pilipili manga na hiliki za pwani ya Malabar kule India, kungumanga na karafuu za visiwa vya Maluku huko Indonesia, na shelisheli lile limesimama pembeni, wifi akacheka, "nchi yenyewe hiyo inazaa!" Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichoota hapa peke yake, vyote vimekuja kwa vyombo na kwa watu, lakini tunayoambiwa ni jani nusa, jani nusa.

Karafuu ndo ilinikera khasa. Tumesimama chini ya mkarafuu, alama ya nchi hii, kijana akasema "karafuu ililetwa na Sultani, ni kwa meno na pilau" na akaanza kuondoka. Shangazi akauliza, "Nani aliipanda?" Sultani, bibi. "Yeye alishika jembe?" Kimya.

Basi shangazi akakaa juu ya gogo na ziara ikawa yake. Kwao Mtambwe kule Pemba, mkarafuu ndo uliomsomesha. Akaeleza namna ya kuukwea na ngoe kiunoni, kile kijiti chenye ndoano, unavuta tawi lije kwako, wala hulifuati weye, mana mkarafuu unakatika bila kukuaga, na anamkumbuka mtoto wa jirani yao aliyeanguka hakuinuka tena. Karafuu ni ua ambalo halijafunguka, likianza kupata wekundu unalichuma, ukichelewa likichanua limeharibika bei. Jioni mnapima kwa pishi, mchumaji analipwa kwa pishi zake, halafu usiku mmekaa duara nyumba nzima mnachambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, vidole vinakuwa vyeusi na mafuta, harufu haitoki hata kwa sabuni. Asubuhi unaanika majamvini, na ole wenu lipite wingu, mtu yuko chooni atatoka mbio kwenda kuanua. Kijana kasimama anasikiliza, tena nikamuona anaandika kwenye simu.

Mume wa mtoto wa ami akaingia na yake, yeye msomaji. Akasema Wafaransa ndo waliozitorosha karafuu kutoka Maluku, Waholanzi walikuwa wamezifungia hawataki mtu mwengine awe nazo, Mfaransa mmoja Pierre Poivre akapata miche ikapandwa Mauritius miaka ya 1770 hivi, na kutoka visiwa vile ndo ikaingia Unguja. Sultani mwenyewe, Sayyid Said, alipoona faida akaamrisha watu wapande, masimulizi yanasema kila mnazi mmoja mikarafuu mitatu. Shangazi akasema ndio, na waliopanda ni watumwa. Yeye akaitikia, ni watumwa, kweli. Soko la watumwa hapa mjini lilifungwa 1873 na utumwa wenyewe ukaondoshwa kisheria 1897, kwa hivyo hesabu mwenyewe mashamba yale yalikuwa na umri gani. Hakuna aliyemnyooshea mwenziwe kidole, tulikaa tu kidogo pale kivulini, na mtoto wa ami akaokota karafuu moja chini akaitia mdomoni akaitafuna.

Nami nilikuwa na swali langu tangu skuli, kwanini viungo ni vya Unguja lakini karafuu ni ya Pemba? Kimbunga. Aprili 1872 kilipiga Unguja kikang'oa mikarafuu karibu yote, Pemba kikaigusa kidogo, tangu hapo Pemba ikaongoza. Shangazi kwa kujisifu utadhani kimbunga kakielekeza yeye.

Tulikaa pale kama dakika arubaini. Ziara nyengine, kundi la wageni, lilitupita mara mbili.

Langilangi tulipita haraka ila wifi na shangazi walibishana. Wifi anasema kwao maua yale yanachemshwa kwenye mitungi mikubwa yanatolewa mafuta, yanakwenda Ufaransa kutiwa kwenye manukato ya bei mbaya. Shangazi anasema hiyo israfu, langilangi pahala pake ni kwenye kikuba pamoja na asumini na mrehani, uvae ulale nalo. Mimi niko upande wa shangazi.

Halafu mpanda mnazi, anapanda huku anaimba na kucheza juu kabisa, wageni wanapiga picha, hodari kweli lakini baada ya ile hadithi ya mtoto wa jirani sie tulikuwa tunamwambia shuka mwanangu shuka. Akatupa madafu matamu. Kofia za makuti tukavishwa, na mume wa mtoto wa ami, mtu mzima na kanzu yake imepigwa pasi, kavikwa taji la kuti juu ya kofia yake ya kiomani na tai ya kuti shingoni. Picha ninayo, siiweki kwa usalama wangu. Ile kofia si ya bure ingawa hukuulizwa, weka noti ndogo ndogo mfukoni.

Chakula. Mkeka safi, pilau, mchuzi wa samaki wa nazi, mchicha. Mchuzi sina neno, nazi imekunwa pale pale unaijua. Pilau imepikwa kwa kuogopa, hakuna pilipili, bizari ya pilau imetiwa kama dawa ya macho, katikati ya shamba la viungo! Tulipoomba, mpishi akacheka akatuletea kachumbari na pilipili kutoka chungu chao wenyewe, basi nikajua kuna vyungu viwili. Ukiwa mwenyeji omba mapema upewe cha pili.

Duka la mwisho ndo usifungue pochi kabla ya kufikiri. Pakti za karafuu na mdalasini bei mara mbili na zaidi ya Darajani, hilo nalielewa, na wao wanakula. Lakini kuna pakti imeandikwa zafarani, elfu tano, kubwa kama mkono. Mtoto wa ami akaifungua akainusa akairudisha taratibu, "hii ina rangi tu, ndugu." Zafarani ya kweli inatoka Irani na Kashmir na inapimwa kama dhahabu, elfu tano hupati hata ya kutia kwenye chai ya mtoto. Muuzaji akasema ni "zafarani ya Zanzibar". Hiyo si haki, anunuae ni mgeni na atakwenda kuipika kwao akidhani kadanganywa na Zanzibar nzima.

Vyoo visafi, maji yapo. Njia ya ndani tope, usiende na viatu vya harusi, na msimu wa masika bora uahirishe. Nenda asubuhi saa mbili tatu kabla jua halijakomaa na kabla magari ya hoteli hayajafika. Mzee yeyote uliyenae nyumbani aliyewahi kuchuma karafuu, mpakie.

Nyota tatu na nusu. Nusu ya shangazi, si ya shamba. Wakati tunapanda gari kijana alimfata akamwambia bibi ukirudi tena usilipe, njoo tu ukae na sie. Shangazi akamuuliza wewe kutwa unalipwa shingapi, kijana akamtajia, akafunga mlango.